Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mikutano ya historia na shughuli za urithi kwenye vijiji na miji ya Wales

Huku Wales karibu kila mji na kila bonde, ata sehemu zenye duka moja na kituo kimoja cha basi, kuna watu wanaokutana kuongelea historia ya hapo hapo wanapoishi. Waswahili wenzangu waliokuja huku kusoma, kufanya kazi hospitali au kwenye nyumba za wazee, au waliofuata familia, wananiuliza maswali yale yale kila mara, na ndugu walioko nyumbani nao wanauliza, sa nimeona niyaweke yote sehemu moja. Ya juu ni rahisi, ukishuka chini yanakuwa magumu kidogo.

## Ya mwanzo kabisa

Hii mikutano ya historia ni kitu gani hasa?

Ni jioni ya kawaida tu. Watu ishirini, thelathini, saa nyingine sitini, wanakaa kwenye ukumbi wa kijiji, maktaba au chumba cha nyuma cha kanisa, mtoa mada anawasha projekta anaongea kama saa moja kuhusu kitu kimoja cha eneo lile: reli iliyofungwa, mgodi, shule, mtaa uliobomolewa, daraja, ukoo fulani. Alafu maswali, alafu chai. Kuna watoa mada maprofesa, lakini wengi ni walimu wastaafu, wachimbaji wa zamani, manesi, watu wa posta, mtu ambaye amekaa miaka na miaka anafukua makaratasi ya kitu kimoja mpaka anakijua kuliko yeyote.

Utamu wenyewe uko kwa wasikilizaji. Picha ya darasa inatokea ukutani, watoto wamepangwa mistari mitatu, mtoa mada anasema majina ya mstari wa mbele anayo ila wa nyuma hana. Mama mmoja ananyoosha mkono, huyo wa tatu mwenye kola nyeupe ni shangazi yangu. Mzee upande wa pili anasema hapana, huyo ni mdogo wake, shangazi yako ni yule aliyefumba macho kwa jua. Wanabishana kwa heshima, wengine wanaingia, na chai ikifika mstari wote umeshapata majina na kuna mtu ameyaandika kwa penseli. Hicho kitu huwezi kukisoma kitabuni kwa sababu hakijaandikwa bado.

Mi siyo Mwelshi wala sijazaliwa huku, naruhusiwa kuingia?

Unaruhusiwa kabisa, na mara nyingi watakufurahia kuliko unavyotegemea. Hamna anayekuuliza pasipoti wala ukoo. Utaulizwa unaishi mtaa gani, na ukitaja mtaa basi umeshapata stori, maana lazima atokee mtu anayejua nyumba yako ilikuwa ya nani.

Kitu cha kujiandaa nacho ni kwamba unaweza kuwa mtu mweusi pekee ukumbini na wa umri mdogo kuliko wote. Watu wengine hilo linawakatisha tamaa wasirudi. Ushauri wangu nenda na mwenzio mara ya kwanza, kaa katikati usijifiche nyuma mlangoni, na baki kwenye chai, maana urafiki wote unatengenezwa pale kwenye chai na siyo kwenye mada.

Nitajuaje zinafanyika wapi na lini?

Maktaba ya mtaani ndo namba moja, ubaoni mle kuna matangazo yote. Alafu dirisha la duka la posta, mbao za kanisa, na kurasa za Facebook za kijiji chako. Sehemu zenye wasemaji wengi wa Kiwelshi kuna magazeti madogo ya jamii yanaitwa papurau bro, yanaandikwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea tangu miaka ya 1970, na mle ratiba zote zipo.

Ni saa ngapi, na ni msimu gani?

Mara nyingi ni mara moja kwa mwezi, saa moja au saa moja na nusu usiku kwa saa zetu, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Aprili hivi. Kiangazi vyama vingi havikai ndani, wanatoka, wanatembelea makaburi ya zamani, kasri, machimbo. Kwa hiyo ukienda Julai ukakuta ukumbi umefungwa usidhani chama kimekufa.

Bei gani?

Pauni chache mlangoni, au ada ndogo ya mwaka ukiwa mwanachama. Pia beba sarafu za bahati nasibu, maana inauzwa karibu kila sehemu na hela ile ndo inalipa ukumbi.

## Lugha na majina

Wanaongea Kiingereza au Kiwelshi?

Inategemea uko wapi. Kwenye sensa ya 2021 watu 17.8% walisema wanaongea Kiwelshi, karibu watu 538,000, lakini hawajatawanyika sawa. Gwynedd na Anglesey huko kaskazini magharibi mkutano mzima unaweza kuwa Kiwelshi, wakati mabonde ya kusini na Newport karibu yote ni Kiingereza. Ikiwa Kiwelshi mara nyingi kunakuwa na mkalimani anayetafsiri papo kwa papo, unapewa hedifoni mlangoni unakaa unasikiliza kama wengine. Usione aibu kuziomba, zimeletwa kwa ajili hiyo.

Jifunze maneno machache tu: croeso ni karibu, diolch ni asante, paned ni kikombe cha chai. Ukisema diolch kwa mama aliyekumiminia chai utaona mwenyewe uso wake.

Kwanini wanaing'ang'ania lugha yao namna hii wakati wote wanajua Kiingereza?

Hapa mtu wa Afrika Mashariki anaelewa haraka kuliko Mwingereza. Karne ya 19 kwenye baadhi ya shule za Wales mtoto akikamatwa anaongea Kiwelshi alivishwa kipande cha mbao shingoni, kinaitwa Welsh Not. Akimsikia mwenzie naye kaongea anamhamishia, na aliyenacho mwisho wa siku anachapwa. Waliosoma Kenya wanajua kabisa naongelea nini, maana ile disk ya kukamatwa unaongea lugha ya nyumbani ni kitu hicho hicho, watoto kufanywa wapelelezi wa wenzao. Kipande kimoja kilichobaki kipo makumbusho ya St Fagans, kidogo tu, mtu anaweza kupita asikione. Mi nawaomba mkienda mkitafute.

Alafu mwaka 1847 serikali ilitoa ripoti ya elimu Wales iliyoandikwa na makamishna watatu Waingereza wasiojua Kiwelshi, wakasema lugha inawarudisha watu nyuma na wakawatukana hasa wanawake kuhusu maadili. Mpaka leo Wawelshi wanaiita usaliti wa vitabu vya buluu, kutokana na rangi ya majalada yake. Mtu akiongelea lugha kwa uchungu mkutanini, hayo ndo yaliyo nyuma yake.

Mbona kila mtu ni Jones, Davies au Williams? Nitawatofautishaje?

Zamani Wawelshi hawakuwa na majina ya ukoo, walitumia ap au ab kama sisi tunavyotumia bin, na ferch kama binti. Rhys ap Hywel ni Rhys bin Hywel. Waingereza walipoleta sheria zao na makarani wao majina yakagandishwa, ap Hywel ikawa Powell, ap Rhys ikawa Price, na wengine wakabaki na jina la baba tu, ndo kina Jones na Davies wakajaa. Sasa kijiji chenye Jones arobaini watu wanaitana kwa kazi au kwa nyumba, na mtoa mada akitaja jina la shamba baada ya jina la mtu usidhani anachanganya, anakusaidia umjue ni yupi.

## Wanaongelea nini

Kwanini kusini kila mada inaishia kwenye makaa ya mawe?

Kwa sababu makaa ndo yaliyojenga ile miji. Mabonde kama Rhondda yalikuwa na kondoo tu, ndani ya miaka hamsini yakajaa watu kutoka kila kona ya Wales, Uingereza na Ireland. Na makaa ndo yaliyoua watu wao. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa Universal pale Senghenydd ulilipuka, wachimbaji 439 wakafa na muokoaji mmoja, ni ajali mbaya kuliko zote za migodi Uingereza nzima. Kesi ilipoisha meneja alipigwa faini ya pauni 24. Ukisikiliza mada ya Senghenydd, hiyo pauni 24 inatajwa na ukumbi mzima unakuwa kimya, miaka mia na zaidi baadae.

Siku moja mzee alizungusha visahani vya shaba tuvishike. Kila mchimbaji alikuwa na namba yake, kisahani chenye namba ile kinabadilishwa na taa, kwa hiyo wa juu wanajua nani yuko chini. Mgodi ukilipuka wanahesabu visahani. Kile nilichoshika kingo zake zilikuwa zimelika zimekuwa laini kabisa kwa vidole na mfuko, namba inasomeka kwa shida, na tundu la kutundikia limepanuka upande mmoja. Slaidi haiwezi kukufanyia hivyo.

Ila siyo vifo tu. Ulizia habari za institutes, yale majengo makubwa ya wafanyakazi yenye maktaba na kumbi, waliyoyajenga kwa kukatwa senti kidogo kidogo kwenye mshahara. Na kwa nyie mnaofanya kazi NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, hii inawahusu moja kwa moja: Tredegar kulikuwa na chama cha wafanyakazi cha matibabu kilichoanza 1890, watu wanachangia kutoka kwenye mshahara wanapata daktari na hospitali. Aneurin Bevan alizaliwa mji huo 1897, aliingia mgodini akiwa na miaka 13, na alipokuwa waziri wa afya akaanzisha NHS Julai 1948 akiwa na mfano wa nyumbani kwao kichwani. Paul Robeson naye, yule muimbaji Mmarekani mweusi, alinyang'anywa pasipoti na serikali yake, basi Oktoba 1957 akawaimbia wachimbaji waliokusanyika Porthcawl kwa njia ya simu kutoka New York. Wazee waliokuwepo ukumbini siku ile wamebaki wachache mno.

Nikienda Aberfan nifanye nini na nisifanye nini?

Aberfan ni kijiji cha wachimbaji. Tarehe 21 Oktoba 1966 asubuhi, mlima wa taka za mgodi uliolowa maji uliporomoka ukafunika shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, kati yao 116 ni watoto. Wenye migodi, yaani shirika la serikali la makaa, walikuwa wameshaonywa. Na baadae ikachukuliwa pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa michango ya wafiwa kulipia kuondoa milima ya taka iliyobaki, hela ikaja kurudishwa 1997.

Ndugu na wazazi bado wapo hai na wanaishi pale. Bustani ya kumbukumbu ilipokuwa shule iko wazi, makaburi yenye matao meupe yako juu kilimani, nenda kwa utulivu kama unavyoenda msibani. Usipige selfi. Usimuulize mtu dukani kama alipoteza mtu. Mada za Aberfan zikitolewa na mwenyeji, sikiliza tu, maswali mwachie yeye aseme kama yanaruhusiwa.

Ule ukuta ulioandikwa Cofiwch Dryweryn nauona kila mahali, maana yake nini?

Kumbukeni Tryweryn. Kijiji cha Capel Celyn karibu na Bala, cha wasemaji wa Kiwelshi watupu, kilizamishwa bwawa lijengwe kupeleka maji Liverpool. Sheria ilipita bungeni London 1957 bila kura ya ndio ya mbunge hata mmoja wa Wales, bwawa likafunguliwa 1965, shule, kanisa, posta na mashamba vyote viko chini ya maji. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi 2005. Ukuta wa asili uko karibu na Llanrhystud barabarani pwani ya magharibi, hayo mengine mnayoyaona mijini ni nakala watu wamechora wenyewe. Mtu ambaye kwao kumehamishwa vijiji kupisha bwawa au mbuga atakaa kwenye mada hii akiwa na mengi ya kusema, na aseme.

Na kaskazini wanaongelea nini?

Mawe ya kuezekea nyumba, slate. Mandhari yake iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2021. Bethesda wachimbaji wa machimbo ya familia ya Penrhyn waligoma miaka mitatu, 1900 mpaka 1903, mji ukagawanyika, waliogoma wakaweka karatasi dirishani zilizosema hakuna msaliti nyumba hii. Mpaka leo kuna familia pale hawakanyagi kasri ya Penrhyn, na siyo kwa mgomo tu: utajiri wa ile familia ulianzia kwenye mashamba ya sukari Jamaica yaliyolimwa na watumwa, hela ile ndo ikaingia kwenye machimbo. Sikuizi kasri lenyewe linaieleza hiyo habari kwa wageni, kwa hiyo ukienda soma ile mibao usikimbilie vitanda na vyombo.

## Shughuli kubwa za mwaka

Eisteddfod ni nini na inafaa kwa mtu asiyejua Kiwelshi?

Ni tamasha la mashairi, kuimba na sanaa, la taifa linafanyika wiki ya kwanza ya Agosti, mwaka mmoja kaskazini, unaofuata kusini, halina makao. 2024 lilikuwa Pontypridd, 2025 Wrexham. Kila kitu jukwaani ni Kiwelshi lakini hedifoni zipo kama nilivyoeleza kwenye swali la lugha.

Kwa watu tuliokulia kwenye mashairi yenye vina na mizani hapa ni kama nyumbani. Mshairi bora wa shairi la kanuni za zamani anapewa kiti, kiti kweli cha mbao, kinachongwa kipya kila mwaka. Jina lake linakuwa siri, ukumbi umejaa maelfu, taa inazunguka, anaitwa kwa jina la bandia alilotumia kwenye shairi, na yeye anasimama kutoka katikati ya watu. Upanga mkubwa unachomolewa nusu juu ya kichwa chake, wanaulizwa mara tatu kama kuna amani, na ukumbi mzima unajibu heddwch, amani, ndipo anakalishwa. 1917 jina liliitwa hamna aliyesimama. Mshindi alikuwa mchungaji wa kondoo kutoka Trawsfynydd, Hedd Wyn, ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki chache tu kabla. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Nyumba ya wazazi wake, Yr Ysgwrn, sa hivi ni makumbusho na kiti kile kipo mle ndani.

Open Doors ni nini?

Kila Septemba, chini ya Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kale, sehemu nyingi ambazo kawaida zimefungwa au zinalipiwa zinafunguliwa bure: makanisa, misikiti, minara, mahakama, mitambo. Zingine lazima ubuk, na zinajaa mapema.

Nina watoto, niwapeleke wapi?

St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, hamna mjadala. Ilifunguliwa 1948 na zaidi ya majengo arobaini yamebomolewa jiwe kwa jiwe kutoka kote Wales yakajengwa tena mle. Kuna safu ya nyumba za wafanyakazi wa chuma kutoka Merthyr, kila nyumba imepangwa kwa kipindi chake kuanzia 1805 mpaka 1985, unatoka kwenye jiko la makaa unaingia kwenye televisheni. Kuingia bure, parking unalipia.

Ukitaka kushuka mgodini nenda Big Pit, Blaenavon. Unashuka mita 90 na kofia na taa, waongozaji wengi wamekuwa wachimbaji wenyewe. Simu, saa na viberiti vyote vinabaki juu, ni sheria za mgodi. Mtoto chini ya mita moja haruhusiwi, na malipo ya kushuka yacheki kabla hujatoka nyumbani.

## Sisi ndani ya historia yao

Kuna historia ya Waafrika huko au ni ya Wazungu tu?

Ipo, na ni ya zamani. Pale bandarini Cardiff, Butetown, watu wengi wanapaita Tiger Bay, mabaharia wa Kisomali, Kiyemeni, wa Afrika Magharibi na kwingine waliweka makazi tangu enzi za meli za makaa, wakaoa, wakajenga misikiti. Juni 1919 walishambuliwa mitaani, watu watatu wakafa Cardiff. Mahmood Mattan, baharia Msomali, alinyongwa 1952 kwa mauaji ambayo hakufanya, hukumu ikafutwa 1998, na polisi wakaomba radhi 2022. Miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mtaa wa zamani ikavunjwa.

Waliotunza hiyo historia ni wakazi wenyewe, kwa kurekodi wazee na kukusanya picha kabla hazijatupwa. Betty Campbell alikulia hapo hapo, akiwa mtoto aliambiwa na mwalimu kwamba ualimu ni ndoto isiyomfaa, akaja kuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi Wales na kufundisha historia hii darasani. Sanamu yake ilizinduliwa 2021 katikati ya Cardiff. Mkifika stesheni kuu ni hatua chache.

Ni kweli Stanley wa Ujiji alikuwa Mwelshi? Nikiwa kwenye mada yake nisemeje?

Kweli. Alizaliwa Denbigh 1841 kama John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa kwenye nyumba ya maskini St Asaph, akaenda Marekani akabadili jina. Huyo ndo aliyetokea Zanzibar 1871 kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji, na baadae akavuka bara zima 1874 mpaka 1877 akatokea Boma mdomoni mwa mto Kongo, alafu akamfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji. Denbigh walimuwekea sanamu 2011, kanyoosha mkono. 2020 mjadala ukawaka, 2021 wakazi wakaulizwa kwa kura, wengi wa waliopiga wakasema ibaki.

Mi msimamo wangu nausema wazi: mada ya Stanley isiyowataja wapagazi ni nusu mada. Ile safari ya kuvuka bara ilibebwa na wanaume na wanawake wa Zanzibar na mrima, Wanyamwezi, Wangwana kama walivyojiita, mamia waliondoka na wengi hawakurudi. Wazungu watatu aliotoka nao walikufa wote njiani. Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa kiongozi wa wapagazi 1871 alikuwa ameshatembea na Speke na Burton kabla Stanley hajaijua Afrika. Haya siyo siri, mengi Stanley mwenyewe aliyaandika, ila kwenye slaidi huwa hayafiki.

Kwa hiyo ukiwepo, subiri maswali, nyoosha mkono, uliza kwa upole: waliobeba mizigo walikuwa kina nani? Unajua njia ya Bagamoyo mpaka Tabora mpaka Ujiji? Iseme. Watu wa Denbigh hawajafundishwa hiyo, nimeona wanavyosogeza viti mbele ukianza kuwaelezea.

Nimesikia kuna makaburi ya watoto wa Kongo huko kaskazini?

Yapo Old Colwyn. Mchungaji William Hughes, Mbaptisti Mwelshi, alirudi kutoka Kongo na vijana wawili, Kinkasa na Nkanza, akaanzisha Colwyn Bay chuo cha kufundisha Waafrika kazi za mikono na dini ili warudi kwao kueneza injili. Walikuja wanafunzi kutoka Kongo, Afrika Magharibi na kwingine, chuo kikafungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kinkasa na Nkanza wote wawili walikufa huko huko wakiwa bado wadogo. Kuna watu wa mji ule wanaoendelea kuyatunza hayo makaburi na kusimulia habari zake, na Mkongo akifika akasema neno la lugha ya kwao pale ni jambo kubwa kwao na kwetu.

## Maswali ya pembeni

Wameniomba nitoe mada mimi, na mi siyo mwanahistoria. Nifanyeje?

Kubali. Mwanzoni watakuomba uongelee "Afrika", usikubali hiyo, ni kubwa mno na utaishia kuonyesha picha za wanyama. Chagua kitu kimoja unachokijua kwa mkono: mtaa wenu wa Mombasa, reli ya Tanga, shule uliyosoma, biashara ya karafuu ya bibi yako. Dakika arobaini na tano, picha zisizozidi thelathini, maandishi makubwa kwa sababu wazee macho, ongea na maikrofoni ata kama sauti yako kubwa kwa sababu wengine wana mashine za masikio zinazotegemea maikrofoni ile. Leta kitu cha kushikwa, kanga, kisu cha nazi, kitabu cha shule cha zamani. Uliza mapema kama wanalipa nauli, vyama vingi vinalipa kitu kidogo na siyo ubaya kuuliza.

Naweza kurekodi au kupiga picha?

Omba kwanza, kwa mwenyekiti na siyo kwa jirani yako. Picha nyingi zinazoonyeshwa ni za familia, wamekubali zionekane ukumbini tu. Kwenye mada za maafa, angalia swali la Aberfan, acha simu mfukoni kabisa.

Mtu akisema kitu cha kuudhi kuhusu watu weusi je?

Hutokea, mara nyingi ni neno la zamani analosema mzee bila nia mbaya, mara nyingine nia ipo. Neno la zamani mrekebishe kwenye chai, ana kwa ana, wengi wanashukuru. Ikiwa ni dharau ya wazi mwambie mwenyekiti siku ile ile, na asipofanya kitu, chama cha bonde la pili kipo. Hulazimiki kukaa.

Niko Dar, Bujumbura au Muscat, naweza kufuatilia bila kuja?

Ndio. Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, imeweka bure onlaini magazeti ya zamani zaidi ya kurasa milioni moja, mpaka 1919 hivi, unatafuta kwa neno. Andika Zanzibar au Mombasa uone zinavyomiminika barua za wamisionari na habari za meli. Kamusi ya wasifu wa Wawelshi nayo bure. Vyama vingine pia vimebaki na mikutano ya Zoom tangu korona, tuma barua pepe uulize.

Babu yangu alikuwa baharia, nasikia alipita Cardiff au Barry. Naanzia wapi?

Anza na orodha za mabaharia za 1915, ziko onlaini bure, zinaonyesha jina, umri, alikozaliwa, anakoishi na meli aliyotoka. Kwa miaka mingine waandikie Glamorgan Archives pale Cardiff, na Aberystwyth kwa meli zilizosajiliwa bandari ile.

Usitafute kwa jina tu. Karani aliandika alivyosikia, Juma akawa Jumah au Jooma, Salim akawa Saleem, na jina la baba likageuzwa kuwa la ukoo au likaachwa. Tafuta kwa sehemu ya kuzaliwa kwanza, Zanzibar, Lamu, Comoro, alafu pitia majina yote yaliyotoka moja moja na umri ukiwa karibu karibu. Ukimpata, nakili jina la meli na tarehe, kisha mwandikie katibu wa chama cha historia cha bandari ile. Swali la namna hiyo huwa wanalichukua wanalifanyia kazi majira yote ya baridi.